Alama za Meno Katika Kiko

Kipupwe kilichopita, siku zile ambazo ukungu wa Mlima Meru hushuka hata ukafunika njia ya Ngaramtoni, na watu wa Olmotonyi hawavui makoti tangu alfajiri hadi wanapolala, mama mmoja mjane alinijia nyumbani akiwa na kifurushi cha khanga kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kiko cha marehemu mumewe. Mzee huyo, Mungu amrehemu, alimaliza umri wake wa kazi katika misitu ya kupandwa ya huku kwetu, akipogoa misindano na kufyeka njia za kuzuia moto. Wanaomkumbuka humkumbuka kwa vitu viwili, panga lake na kiko chake.

"Mwalimu," aliniambia, "nimesikia unasafisha viko. Hiki wajukuu wanasema kinanuka, wanataka kukitupa. Nisafishie kisinuke. Lakini kiache kiwe chake."

Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ndogo, Yeyo," kwa wepesi ambao leo unanitia haya. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwanagenzi tu. Nilikuwa nimekwisha kusafisha viko viwili, vyote vya mti, ambavyo nilivinunua kwa fedha kidogo katika meza ya mwuza vitu vikuukuu siku ya soko. Na kwa kuwa vyote viwili vilitoka vizuri nilikwisha kujihesabu kuwa fundi.

Yafaa nieleze mapema, ndugu msomaji, kwamba mwandishi wa makala haya havuti tumbaku wala hamshauri mtu yeyote aivute. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kuwa tumbaku huua mamilioni ya watu kila mwaka, na sheria yetu ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku haikutungwa kwa mzaha. Lakini wako watu wanaohifadhi mikuki ya babu zao bila ya kukusudia vita. Mimi hupenda kuona kitu kilichokuwa kimekwisha kutupwa kikirudia sura yake, na kiko ni kitu kidogo, hakihitaji karakana. Meza, taa na uvumilivu vyatosha.

Viko vyangu vile viwili vya kwanza vilichongwa kwa mti ambao wengi wetu hatujui kuwa ni jirani yetu. Mafundi wa Ulaya, hasa wa mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa, tangu katikati ya karne ya 19 wamekuwa wakichonga viko kwa uvimbe unaoota kwenye shina la mti uitwao Erica arborea, pale shina linapokutana na mizizi. Uvimbe huo huchimbwa katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi mingi. Una sifa moja kuu: hauungui upesi. Basi miti ya jamii hiyo hiyo ya Erica, yenye majani membamba kama sindano na ndevu za kuvu zinazoning'inia matawini, ndiyo inayofunika mabega ya Meru juu ya msitu mkubwa. Imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na si ruhusa kuikata, na ni vyema iwe hivyo. Hata hivyo nilifurahi kujua kwamba kile kijiti nilichokuwa nikikisugua kwa mafuta kilikuwa na ndugu zake juu ya paa la nyumba yangu.

Kiko cha mama yule hakikuwa cha mti. Nilipokifungua nilidhani ni cha mfupa, kisha nikadhani ni cha udongo wa kuchoma. Kilikuwa chepesi kwa namna ya kushangaza, rangi yake ya kahawia iliyokolea shingoni na kufifia juu, na pale ukingo wa bori ulipokuwa umegongwagongwa pakaonekana weupe kama wa chokaa. Kwenye mdomo wake mweusi palichorwa tembo mdogo. Chini ya shingo, nilipokisogeza karibu na taa, nilisoma neno KIKO, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba kimetengenezwa Tanganyika.

Sijui ni wangapi kati ya wasomaji wa Arusha wanaoikumbuka habari hii. Katika miaka ya 1950 palifunguliwa machimbo huko Sinya, katika nyanda kame za wilaya ya Longido ya leo, mpakani mwa Kenya, upande wa pili wa Amboseli. Kilichochimbwa hakikuwa dhahabu wala vito. Lilikuwa jiwe jeupe ambalo wataalamu huliita sepioliti, na wachonga viko wa dunia nzima huliita mirishamu, neno la Kijerumani lenye maana ya povu la bahari. Ni madini ya magnesiamu na silika, yenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hata kipande kikavu kikitiwa majini huelea. Likiwa bichi hukatika kwa kisu kama sabuni. Likikauka hushika umbo lake na kustahimili moto. Kwa karne mbili na zaidi Ulaya ililipata kutoka Eskişehir nchini Uturuki. Sinya ikawa jina la pili.

Kampuni iliyochonga jiwe hilo iliitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, nayo ilikuwa hapa hapa Arusha. Ilitengeneza viko vya jiwe zima, viko vya mti vilivyotiwa bitana ya jiwe ndani, na vingine vilivyovishwa ngozi. Majina yake mengine yalikuwa ya Kiingereza, mengine ya kwetu, kama Twiga. Lakini lililosafiri zaidi lilikuwa hilo la Kiko. Wageni wengi wanaokusanya viko hivyo leo huko Ulaya na Marekani hudhani Kiko ni jina la ukoo wa mtengenezaji. Ni kama mtu aliyenunua ng'ombe, akamwita Ng'ombe, na jirani zake wakastaajabia uzuri wa jina.

Na neno lenyewe lina safari yake. Kiko cha asili cha pwani kilikuwa na bori la udongo la kutilia tumbaku, digali lililoshusha moshi hadi kwenye kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na mdakale wa kuvutia. Kile kifuu cha maji ndicho hasa kilichokuwa kiko, na sauti ya maji yakitokota kwa pumzi ya mvutaji iliitwa malio ya kiko. Huku bara hatukuwa na malio hayo. Wazee wengi wa Kiarusha walipenda ugoro, na kiko cha Kizungu kiliingia kwa njia ya mashamba ya walowezi, jeshi na kazi za serikali. Hapana shaka ndiko mzee wetu alikokipata.

Maneno yale yaliyochongwa chini ya shingo ndiyo saa ya kiko hicho. Tanganyika iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na ilipofika Oktoba mwaka huo jina la Tanzania likachukua nafasi yake. Mihuri ya zamani huenda iliendelea kupigwa kwa muda, maana hakuna karakana inayotupa chuma kizima kwa sababu ya tangazo la redio. Lakini kwa ujumla kiko chenye jina la Tanganyika kina umri unaokaribia wa Uhuru wenyewe. Nalo jiwe ni laini. Msasa mkavu ukipita mara tatu nne, jina la nchi limekwisha. Kwa hiyo jambo la kwanza nililolifanya, na ndilo pekee ninaloweza kujisifia katika habari hii, ni kubandika utepe wa gundi juu ya maandishi na juu ya tembo, ili mkono wangu usije ukasahau.

Kisha nikaanza kazi. Ndani ya bori mlikuwa na gamba la masizi lililoganda kwa miaka mingi hata nafasi iliyobaki haikuweza kupokea kidole cha mwisho. Kwa kiko cha mti, gamba hilo hupunguzwa tu; hubakizwa unene wa kama milimita moja ili mti usiungue. Kwa kiko cha jiwe shauri ni kinyume chake. Masizi hutanuka yakipata moto kuliko jiwe linavyotanuka, na mwisho hulipasua. Basi yote hayana budi kutoka. Niliyakwangua kwa kisu butu, taratibu, nikizungusha bila ya kukandamiza, kisha nikamalizia kwa msasa laini niliouvisha kijiti. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Nilifunga kitambaa puani, na mwanagenzi yeyote afanye vivyo hivyo, maana vumbi lile si la kuvutwa.

Baada ya masizi, harufu. Hapa mwanagenzi aliyezoea mti huweza kuharibu kila kitu. Bori la mti hujazwa chumvi au pamba, hutonewa spiriti, huachwa usiku kucha, na asubuhi pamba huwa imegeuka rangi ya kahawa. Ukilifanyia jiwe hivyo utalia. Mirishamu hunywa maji kama sifongo, na likinywa hurudia ule ulaini wake wa machimboni, hata ukucha huliachia alama. Jiwe hupanguswa tu kwa pamba iliyolowekwa na kukamuliwa, mara nyingi, na baina ya mara na mara huachwa likauke kivulini. Spiriti iwe ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, au, ikikosekana, Konyagi, ambayo ina nguvu ya asilimia 35 na haidhuru kitu ila mfuko wako. Spiriti ya rangi ya kuwashia jiko isiguse chombo kinachowekwa kinywani, kwani ina sumu ya kupofusha. Gongo nalo, licha ya kuwa ni haramu kwa sheria, hakuna ajuaye lina nini ndani.

Njia ya moshi ilinishughulisha kidogo. Huko ng'ambo huuzwa vijiti maalumu vya waya vilivyozungushiwa pamba. Mjini Arusha sikuviona, na nilipoviuliza katika duka moja nilionyeshwa vijiti vya masikio. Nikakumbuka kwamba wazee walitumia unyoya wa kuku, nao ulifaa kuliko nilivyotazamia: bua lake gumu husukuma uchafu, manyoya yake huukusanya. Nilitumia kumi na tatu kabla wa mwisho haujatoka safi.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mdomo wa kiko kile ulikuwa wa eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa nyingi hata ukawa mgumu kama pembe. Ni uvumbuzi wa tangu siku za Charles Goodyear, aliyepewa hati ya kuupika mpira kwa salfa nchini Marekani mwaka 1844. Eboniti ikiwa mpya hung'aa weusi. Ikikaa juani miaka mingi salfa yake huibuka, nayo hugeuka rangi ya matope, kahawia yenye ukijani, na ladha yake, naambiwa, ni mbaya mno. Mdomo wa kiko cha mzee ulikuwa umegeuka hivyo. Tena mwishoni mwake, juu na chini, palikuwa na mabonde mawili mawili yaliyozama, mahali ambapo meno yake yalishika kwa muda wa miaka isiyopungua arobaini.

Nikachemsha maji, nikayatia sabuni, nikautumbukiza mdomo humo ili uchafu ulainike, nikaenda kufunga kuku. Niliporudi, uchafu ulikuwa umelainika kweli. Nikaupangusa, nikausogeza kwenye taa, na upande wa juu ulikuwa sawasawa. Mabonde yalikuwa yametoweka kana kwamba kiko hakijapata kuumwa na mtu.

Haukuwa uchawi. Eboniti hulikumbuka umbo ililopewa siku ya kwanza kiwandani. Jino hulisukuma chini, na kwa baridi hubaki chini. Lakini ikipata moto wa kutosha hulegea na kuinuka kurudi ilipokuwa. Mafundi wa Ulaya na Marekani huitegemea sana tabia hii. Huupitisha mdomo wa kiko juu ya mshumaa, bila ya kuugusisha moto, na mabonde hujazwa yenyewe pasipo kutumia tupa. Kwao alama ya meno ni dosari, ipunguzayo bei. Kikiuzwa, huandikwa kwa fahari kwamba hakina hata alama moja. Nami nilikuwa nimesoma hayo yote. Nilikuwa nimeyasoma nikiwa na viko viwili vya soko, vya watu nisiowajua, na nikayasifu.

Nilikaa na mdomo ule mkononi kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameniambia maneno mawili, kisinuke, na kiwe chake, na mimi nililishughulikia la kwanza tu. Nilitafuta njia ya kuyarudisha, hakuna. Ningeweza kuyachonga kwa tupa, au hata kuyauma kwa meno yangu mwenyewe, na yote mawili yangekuwa ulaghai. Kilichoniokoa kidogo ni kwamba upande wa chini mzee aliuma kwa nguvu zaidi, na huko eboniti ilikuwa imelika kabisa, haikubonyea tu. Kitu kilichotoka hakina kumbukumbu ya kurudi. Bonde moja la chini lilibaki wazi, la pili likabaki kama kivuli.

Tangu hapo nilifanya kazi kwa woga, na nadhani ndivyo ilivyofaa kufanywa tangu mwanzo. Mdomo niliusugua kwa dawa ya meno ya kawaida na kitambaa, bila ya msasa, hata weusi ukarudi kiasi. Sikuufikisha kwenye mng'ao. Ule weusi usiokamilika karibu na tembo niliuacha. Ukingo wa bori uliogongwagongwa niliuacha pia, kwa sababu mama aliwahi kuniambia kwamba mzee alikuwa akikung'uta majivu kwenye kisigino cha buti lake, na nilipokiinamisha kiko niliona kwamba mikwaruzo yote ilikuwa upande mmoja, upande ambao mtu wa mkono wa kushoto angegonga. Rangi ya jiwe haikuguswa. Mirishamu huanza na weupe. Moshi na nta ndivyo huikoleza mwaka hata mwaka, kwa hiyo kahawia ile haikuwa uchafu, ilikuwa ni miaka. Mwisho nilikipasha joto kidogo juani na kukipaka nta ya nyuki, ambayo shukrani kwa wafuga nyuki wetu haikunilazimu kuagiza ng'ambo. Nikatoa utepe. Tembo yupo. Tanganyika ipo.

Wakati nikikisubiri kikauke nilifikiri juu ya Sinya. Ukishika njia kuu kutoka Ngaramtoni kuelekea Namanga, nchi hushuka na kukauka, vichaka vya miiba vikachukua mahali pa migomba, na huko mbali mkono wa kulia ndiko yaliko mashimo yale. Tembo wa Amboseli hupita kule hata leo, pasipo kujali mpaka. Jiwe lililotolewa huko lilichongwa mjini kwetu na mikono ya vijana wa kwetu, likavutwa katika vilabu vya London na nyumba za Marekani, na hata kisiwa cha Man kilichonga viko vyake kwa mirishamu ya huku. Vijana wa mtaani kwangu niwaulizapo juu ya kazi hiyo hunitajia tanzanite ya Mererani. Si kosa lao. Tanzanite ilionekana mwaka 1967, na tangu hapo imesemwa kila siku. Viko havina msemaji. Ushahidi wao mkubwa umo katika masanduku ya bati chini ya vitanda vya wajane, umefungwa khanga, unanuka, na wajukuu wanataka kuutupa. Usipotupwa, huenda ukaangukia mikononi mwa fundi hodari, na sina hakika ni lipi lenye hasara ndogo.

Mama alikuja siku ya Jumapili baada ya ibada, pamoja na mjukuu wake wa darasa la tano. Nilimwambia kosa langu kabla hajakaa. "Yeyo, nimekuharibia. Meno ya mzee yalikuwepo juu na chini. Ya juu nimeyaondoa kwa maji ya moto, bila kukusudia."

Hakujibu. Alikichukua kiko, akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wake, pole pole, kama mtu apimaye makali ya kisu. Kisha akakigeuza. Kidole kikafika kwenye bonde la chini kikasimama.

"Huku yapo," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Watu wakichoma msitu alikuwa anarudi nyumbani hasemi. Anakiuma tu, hata hajakiwasha. Tulikuwa tunajua."

Akakinusa. Harufu iliyobaki ilikuwa ya nta.

Mjukuu akakiomba, akakigeuza juu chini kama watoto wafanyavyo, na kwa sababu macho yake ni mazuri kuliko yangu aliyasoma maandishi bila ya taa. "Koko," alimwuliza bibi yake, "Tanganyika kilikuwa kiwanda?"

"Ilikuwa nchi," alisema mama. "Kishike kwa mikono miwili, usikiangushe."